Vibano vya Kona ya Pili

Nyumbani, tarehe 4 Februari

Mwanangu Rula,

Kabla hujauliza: mimi mzima, miguu tu ndiyo inanung'unika, na dawa nimekunywa. Sasa na wewe nijibu, unakula? Usiniandikie "nipo salama" peke yake kama mtu anayejaza fomu. Niandikie umekula nini na umelala saa ngapi.

Barua yako dereva wa lori la mgodi aliniletea Jumamosi. Nimeisoma mara tatu, na shule yangu unaijua ilipoishia, darasa la nne, kwa hiyo mambo ya kilo za chuma yamenipita. Mimi najua kilo za sabuni. Eti reli nayo inapimwa kwa kilo? Na wewe ndiye umeambiwa uchague itakayolazwa huko chini ya mgodi? Wanaume wote wa hapo na vitambi vyao hawakuweza, wakakupa wewe? Sijasema huwezi. Jina la Rula nilikupa mwenyewe, mtoto gani anapima kipande cha mkate cha mwenzake kabla hajala chake. Nasema tu, ikiharibika hawatasema reli imeharibika. Watasema yule mwanamke.

Jingine. Mdogo wako Kiduchu naye amepangiwa matoroli huko huko chini, na hakuniambia yeye, nimeambiwa na dereva. Najua mlikubaliana kwamba kazini hamjuani, watu wasije wakasema umemwingiza ndugu yako kwa kujuana. Haya. Lakini mimi nawajua wote wawili. Hiyo reli utakayochagua, yeye ndiye atakayepita juu yake kila siku ya Mungu. Ichague ukijua hivyo.

Hapa udobi unaendelea. Mashuka ya hospitali yakilowa yana uzito wa maiti, Mungu anisamehe. Juzi misumari ya kamba iling'oka tena, mashuka arobaini yakalala matopeni. Nilikaa chini nikalia, halafu nikacheka, halafu nikachota maji nikaanza upya.

Mama yako


Kambini, tarehe 12 Februari

Mama,

Nimekula. Maharage, na jana mayai mawili. Nimelala saa sita, na kwa hapa hizo ni nyingi.

Ngoja nikueleze kazi hii kwa mambo ya uani kwetu. Ukikata kipande cha reli cha mita moja ukakiweka kwenye mizani, uzito wake ndio hizo kilo. Meneja anataka reli ya kilo kumi na tano. Ni nyepesi, inabebeka, na inafungwa kwa misumari kwenye mataruma ya mbao, yaani zile mbao nene zinazolala chini ya reli kama mbavu. Ingefaa kama watu wangekuwa wanasukuma matoroli kwa mikono. Lakini tunaleta injini ya tani tano, na kila toroli litabeba tani mbili za mawe. Na kule chini maji hayakauki. Mbao ikilowa, msumari unaanza kucheza. Kila toroli likipita, unapanda kidogo. Wewe misumari ya kamba zako imekufundisha hayo vizuri kuliko vitabu vyangu.

Mimi nataka kilo ishirini na mbili, mataruma ya chuma, na vibano vya springi. Kibano ni chuma kinene kilichojikunja kama mtu aliyelala kwenye baridi. Unakigonga kwa nyundo, kinaingia mahali pake, kisha kinaibana reli kwa nguvu zake chenyewe. Itetemeke, isitetemeke, hakilegei. Kila reli juu ya kila taruma inashikwa na viwili, cha ndani na cha nje.

Leo wamekubali. Meneja amesema mbele ya wote, "Haya, tumpe reli yake bibi harusi, tuone ndoa itadumu." Wakacheka. Nimetia sahihi mimi peke yangu. Kalamu yake yeye ilikuwa mfukoni na ikabaki mfukoni.

Panaponitia hofu ni pale tunapopaita Kona ya Pili, ndipo palipopinda kuliko kote. Pale nitasimama mwenyewe, nikague kibano kimoja kimoja, na nilichokikagua nitakipaka alama ya njano kwa mkono wangu.

Kiduchu nilimwona kwenye foleni ya kofia za chuma. Nilijifanya simjui, akanikonyeza. Amenenepa.

Mwanao, Rula


Kambini, tarehe 26 Machi

Mama mkubwa wa mashuka,

Natumaini kamba bado zimesimama. Nilivyokufungia vile vibano siku zile za likizo, hata ukinianika mimi na mabuti yangu sianguki. Vile vinne vya jirani yako mama mshonaji, mwambie avifunge vizuri kwenye turubai lake. Alivyokuwa anavitolea macho, ningemnyima angenilaani mimi na uzao wangu.

Ombi moja tu: Dada asijue. Vilikuwa masalia ya stoo, vingelala pale vikapata kutu, lakini unamjua Dada, atavipima kwa rula kisha aniandikie barua ya onyo. Na mimi nilikuwa nimeshaamua. Siku ile nilipopita nyumbani mwezi wa pili, ukanisomea barua yake kwa sauti, ukafika kwenye hivyo vibano ukaguna, ukasema, "Laiti ningepata hata viwili vya kushikia kamba zangu." Nikajiuliza, huyu mama ameniomba nini tangu nizaliwe? Hakuna. Haya, uliomba viwili, umepata kumi na sita, na jirani vinne juu.

Mzee Breki, dereva wetu wa injini, ameanza kunifundisha kuendesha. Wanamwita hivyo kwa sababu anafunga breki hata akiona panya. Anasema nina mkono mwepesi ila mdomo mzito wa kufunga. Mkwe wako anakusalimu, tumbo limefika mwezi wa sita na limeshaanza kumpa amri.

Mtoto wako wa mwisho na wa maana, Kiduchu


Nyumbani, tarehe 9 Aprili

Mwanangu Rula,

Nakutumia jozi tatu za soksi za sufu na kile kikoti cha kijivu. Usivae kimoja ukakiweka kingine kwa ajili ya siku kuu, vaa vyote, huko chini kuna baridi.

Dereva ameniambia reli yako imetandikwa na matoroli yanateleza kama kwenye siagi. Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie mbele ya mama mshonaji. Mwanangu, nimetembea siku nzima kifua mbele, hata muuguzi wa hospitali akaniuliza kama nimepata mchumba.

Kamba zangu nazo zimepona, haziangushi kitu tena. Usiniulize zimefungwa na nini, mama naye ana siri zake.

Mama yako


Kambini, tarehe 30 Aprili

Mama,

Kiduchu hajaumia. Nimeanza na hilo ili uweze kusoma yanayofuata.

Jumanne saa nne asubuhi, injini ikivuta matoroli sita yaliyojaa, reli ya nje pale Kona ya Pili ililala upande. Injini iliacha njia. Mzee Breki aliruka, lakini toroli la kwanza likamlalia mguu. Wameukata chini ya goti. Yeye mwenyewe humwuliza kila anayeingia kumwona kama injini inaweza kutengenezwa.

Vibano vya ndani vya reli ile vingi havipo. Na cha ndani ndicho kinachoikandamiza reli isipinduke kwenda nje toroli linapoisukuma. Siku mbili nimepiga magoti kwenye mtaro wa maji, nikipapasa kwenye matope kwa mikono. Nimepata vilivyong'olewa na ajali, vimepinda. Lakini ishirini sivioni. Stoo nimekwenda: hakuna hata kimoja kilichobaki tangu mwanzo, vyote vilifungwa. Meneja anasema vimeruka vyenyewe vikasombwa na maji, kwamba nimewaletea springi za vitanda. Safari hii hakuna aliyecheka, na hicho ndicho kinachonitisha.

Kamati ya uchunguzi itakaa tarehe 14 Mei. Wanataja mahakama. Sahihi ni yangu peke yangu.

Nimerudia hesabu mara kumi na moja. Mara ya mwisho nilikuwa natamani nipate kosa, angalau nijue liko wapi. Sikulipata. Mama, labda nilikosea mahali ambapo macho yangu hayafiki. Labda siku ile nilikuwa napaka rangi tu, nikidhani nakagua. Jana nilitaka kwenda kumwomba Mzee Breki msamaha, nikafika mlangoni, nikageuka.

Usimwambie mtu hapo mtaani.

Rula


Nyumbani, tarehe 3 Mei

Kiduchu,

Sikusalimu, utanisamehe.

Barua ya dada yako imefika jana. Leo asubuhi nimeshusha mashuka yote yakiwa mabichi, nimechukua ngazi, nimepanda na miguu yangu hii, nimefungua kibano kimoja nikakisugua kwa kitambaa. Chini ya vumbi kuna rangi ya njano. Nikafungua cha pili. Njano. Vyote kumi na sita. Nikaenda kwa mama mshonaji, nikamwambia naomba vile vinne nivisafishe, akanishangaa. Njano.

Masalia ya stoo hayapakwi njano, Kiduchu. Dada yako ameandika kwamba stoo hakikubaki hata kimoja. Ameandika kwamba vinavyokosekana ni ishirini. Mimi sikusoma sana lakini kumi na sita na nne najua kujumlisha.

Niambie umeviokota mahali. Niambie kuna mtu alikupa. Niambie chochote nitakachoweza kukiamini, mwanangu, nakuomba. Tangu asubuhi natafuta mwenyewe uongo wa kukusaidia na sijaupata.

Dereva anarudi Jumatano. Mpe jibu.

Mama yako


Kambini, tarehe 6 Mei

Mama,

Nilivitoa mimi.

Nilitoa vya ndani tu. Nilijua toroli linasukuma nje, nikadhani cha nje ndicho kinachofanya kazi na cha ndani kimekaa tu kama mgeni anayesubiri chai. Ukikigonga nyundo moja kwa ubavu kinatoka. Tulikuwa tukisimama pale kusubiri zamu ya kupakia, Mzee Breki anakwenda kujinyoosha, mimi natoa viwili. Kesho vitatu. Kila taruma niliachia kimoja. Nilijiona nina akili. Wiki nzima baada ya kuvitoa tulipita pale na hakuna kilichotikisika, nikasema unaona, Dada anazidisha mambo.

Siku ile nilikuwa nyuma kabisa na taa. Mimi ndiye niliyemvuta Mzee Breki. Alinishika shati, damu mpaka kiunoni, akaniambia, "Mwanangu, wewe hujaumia?" Tangu siku hiyo sili, Mama. Mke wangu anadhani nimeugua.

Vitupe chooni. Vyote, na vya mshonaji. Nakuomba kwa maziwa uliyoninyonyesha. Dada ana vyeti vyake, atapata kazi kwingine, watu kama yeye hawafungwi. Mimi nina mikono tu, na mtoto anakuja. Wakijua, wataniweka ndani, na Mzee Breki atajua ni mimi. Hilo la pili ndilo siliwezi.

Na sikuvichukua kwa ajili yangu. Wewe ndiye uliyevitamani.

Nisamehe kwa huo mstari wa mwisho. Nilitaka kuufuta, kalamu ni ya wino.

Kiduchu


Kambini, tarehe 9 Mei

Mama,

Hujanijibu. Sikulaumu, najua barua yangu ilikuwa nzito.

Meneja amenipa karatasi. Nikiandika kwamba nilichagua vibaya na vibano havifai, hawatanipeleka mahakamani, nitaondoka tu. Nitaitia sahihi tarehe 14 asubuhi, kabla kamati haijakaa. Nimeshachoka kubishana na watu ambao labda wana haki.

Lori limeleta reli za kilo kumi na tano na mapipa matatu ya misumari. Mbao zimekaa nje kwenye mvua, ukizibonyeza kwa kidole zinatoa maji. Watabadilisha Kona ya Pili kwanza, kisha njia yote. Nimewaomba basi wapunguze mawe kwenye matoroli, wapakie nusu. Nimeambiwa nimeshasema ya kutosha.

Kuna jambo moja la kukufurahisha. Injini imetengenezwa, na Kiduchu ndiye atakayeiendesha badala ya Mzee Breki. Ataanza njia mpya ikimalizika, kama tarehe 20. Kijana wetu amekuwa dereva. Nimemwona kwa mbali, hakuonekana kufurahi. Labda ananionea huruma.

Nitarudi nyumbani nikusaidie kufua. Niwekee maji ya kuoga.

Rula


Nyumbani, tarehe 11 Mei

Wanangu Rula na Kiduchu,

Barua hii nimeiandika mara mbili, neno kwa neno, kila mmoja apate yake. Nimekuwa na siri ya huyu huku na siri ya yule kule, na mzigo huo leo nautua.

Rula, usitie sahihi. Vibano vyako havikuruka. Vilitolewa. Viko hapa mezani mbele yangu, ishirini, na kila kimoja kina njano yako. Alivitoa mdogo wako, kwa nyundo, akaniletea nifungie kamba, kwa sababu nilivitamani kwa sauti mbele yake. Kisha akaniomba nikufiche, na mimi nikakuficha huku nikikuandikia utani wa mchumba. Na nilipojua ukweli nimekaa nao siku nane, nikijua wewe uko kule unajitafuna. Hilo sitakuomba unisamehe haraka. Lakini hesabu zako zilikuwa sawa. Najua ukifika hapa utaanza tena kutafuta ulipokosea, kwa hiyo narudia: hesabu zako zilikuwa sawa.

Kiduchu, uliniambia nivitupe chooni. Nilikwenda. Nisikudanganye, nilivitia kwenye mfuko wa sabuni nikafika navyo mpaka mlangoni, mfuko unanikata vidole, na nilikuwa naomba Mungu asinione kwa dakika moja tu. Ningevitupa, baba. Kwa ajili yako ningevitupa, na dada yako angerudi hapa tukafua pamoja, na kila siku nisingeweza kumtazama machoni.

Ndipo dereva akaja na barua yake ya tarehe 9. Kwamba mbao zinatoa maji. Kwamba ni misumari. Kwamba dereva ni wewe.

Misumari kwenye mbao mbichi mimi naijua. Nimeiokota matopeni miaka kumi na tisa. Na kilichokuwa kikiniangukia mimi ni mashuka. Nikinyamaza nitakuwa nimekuficha usionwe na polisi, halafu nikakupeleka mwenyewe kwenye ile kona na mawe tani kumi na mbili nyuma yako. Jela ina siku ya kuwatembelea watu. Nitakuja kila siku hiyo, nitakuletea nguo safi, na mtoto wako nitamleta mgongoni akuone. Huko kwingine hakuna siku ya kutembelewa.

Unasema unaogopa Mzee Breki atajua. Na mimi naogopa. Yule mzee hana mguu, na kinachotusumbua sisi ni aibu.

Hospitali nimewarudishia mashuka yao machafu. Muuguzi aliniuliza kuna msiba gani, nikamwambia sijui bado.

Nakuja na lori la tarehe 13. Mfuko nitaubeba mwenyewe, dereva asiuguse. Rula, wewe kaa ofisini kwako, usije kunipokea, na usimwendee mdogo wako kabla yangu. Unayo haki ya kumfokea, ila ngoja kwanza. Kiduchu, nitakuja kwako kabla ya kwenda kokote. Nitagonga mlango mara moja. Ukitoka, tutakwenda kwa hiyo kamati pamoja, na utasema mwenyewe kwa mdomo wako, mimi nimesimama ubavuni kwako. Ukimaliza nitasema yangu: nilivitamani, nilivitumia, nilivificha. Watupime wote wawili. Kisha tutakwenda kwa Mzee Breki, na huko wewe ndiye utakayetangulia kuingia.

Usipotoka, sitagonga tena. Nitakwenda peke yangu, na nitataja jina lako. Sitasema Kiduchu. Nitasema lile nililokupa siku ya kwanza, lote, mbele ya watu.

Toka, baba.

Mama yenu